Chuma kisicho na kazi

Chuma cha huku kwetu Mbagala chote kina kazi moja, kunizuia mimi. Nikiamka alfajiri nakutana na grili ya mlango wa mbele, na mwenye ufunguo bado amelala. Nikivuka hapo kuna geti, lina kufuli la ndani na kufuli la nje, na lile la nje mpaka leo sijaelewa linamfungia nani. Nikienda kwa Mangi kununua mkate, Mangi mwenyewe amejifungia nyuma ya nondo na wavu juu yake, tunauziana kwa kitundu kinachopitisha nusu mkate. Ukitaka mzima lazima ubonyezwe kwanza, ufike nyumbani umeshapata kiuno. Kwenye zahanati moja nimekuta benchi la wagonjwa limefungwa mnyororo kwenye nguzo. Nani ataiba benchi lililokaliwa na watu tangu saa kumi na mbili asubuhi, tena watu wenye homa? Hata makaburini siku hizi wapo marehemu waliozungushiwa grili, sijui anayezuiwa ni aliye nje au aliye ndani.

Sikatai, tumeletewa mengi. Wakati nahamia huku kulikuwa na minazi na mikorosho, na ndugu wa mjini akija kukutembelea aliaga kwanza kwao. Leo Barabara ya Kilwa imepanuliwa, mabasi ya mwendokasi yamejengewa njia yake, minara ya simu imeota katikati ya nyumba, na kila tawi la chama lina mlingoti wake wa bendera. Mabango ya matangazo ndiyo usiseme. Kuna dada mmoja pale barabarani, mkubwa kuliko nyumba yangu, anacheka usiku kucha kwa sababu kanunua bando. Vyote hivyo ni vyuma, na vyote vina shida na mimi: hiki kinataka kura, kile kinataka vocha. Hakuna hata kimoja kinachoniambia, mzee simama hapa dakika moja, nitazame, halafu nenda zako bure.

Mjini wanacho. Ukifika kwenye kipilefti cha Samora na Azikiwe unalikuta sanamu la Askari, limesimama hapo tangu mwaka 1927. Mwenye kulifinyanga ni Mwingereza, James Alexander Stevenson, na lilimiminwa huko huko kwao London. Si la chuma hasa, ni la bronzi, lakini mimi wa Mbagala sina haki ya kuchagua madini. Ni ukumbusho wa askari wa Kiafrika na wapagazi waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, vita ambavyo ukivichunguza vizuri ulikuwa ugomvi wa Wazungu wenyewe kwa wenyewe uliokuja kumalizikia uani kwetu. Kabla ya hapo Wajerumani nao walikuwa wamejisimamishia sanamu la gavana wao, Hermann von Wissmann, kajidai juu, na chini yake askari Mwafrika anamtazama kwa kuinua shingo. Waingereza walipouchukua mji wakaling'oa. Likaishia Hamburg, na huko nako mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu wakaliangusha chini. Kwa hiyo sanamu la kwanza askari wetu alikuwa anamtazama bwana, la pili kaelekeza singe bandarini. Hayo ni maendeleo, tusibishane.

Ila kwa mtu wa pembezoni lile sanamu ni la kusimuliwa. Ukiwa umebanwa mlangoni mwa daladala, kwapa la mwenzio limekuziba jicho moja, unachobahatika kuona ni kitako cha bunduki. Baadaye unaambiwa umeshapita Posta. Na tangu Askari asimamishwe, jiji limetanuka mpaka limevuka Kongowe upande huu na Bunju upande ule. Temeke ikakatwa ikazaliwa Kigamboni, Kinondoni ikakatwa ikazaliwa Ubungo, kila wilaya mpya ikapata ofisi, bendera na mhuri. Kitu cha kutazama hakikuwamo kwenye mgao. Ndiyo maana tunaelekezana kwa miti iliyokwisha kukatwa: shuka Mikoroshini, hapana mkorosho, shuka Mbuyuni, mbuyu uliuawa zamani.

Kinondoni, kusema haki, wametuzidi. Mwenge wana kijiji cha vinyago, ingawa pale kila kinyago unachokitazama zaidi ya sekunde tatu kinahesabiwa umekinunua. Mikocheni wana Nafasi Art Space, iliyoanza mwaka 2008, ambako wasanii wamepewa makontena ya meli wayafanye karakana. Napenda wazo hilo. Kontena likiletwa huku kwetu linageuka duka la nguo za mtumba au ofisi ya mtu asiyepatikana kwenye simu. Na kule Msasani, mwaka 2005, mpiga picha mmoja Mwingereza aitwaye Paul Joynson-Hicks alianzisha karakana ya Wonder Welders. Mafundi wake ni watu wenye ulemavu, wengine polio iliwachukua miguu tangu utotoni, watu ambao mjini mtu alizoea kuwaona kwenye taa za barabarani wakiomba. Akawatafutia mashine za kuchomelea na vyuma chakavu. Gia, beringi, cheni, plagi za injini, vyote wanavikamatanisha mpaka vinakuwa twiga, vinakuwa simba, vinakuwa mjusi. Joynson-Hicks huyo huyo ndiye baadaye akaanzisha na mwenzake mashindano ya dunia ya picha za wanyama wanaochekesha. Kwa hiyo si mtu wa kununa, na vyuma vya karakana ile havikununa.

Nilikwenda kutazama na mke wangu. Alizunguka sanamu moja refu la vyuma vilivyopindana, akaligonga kwa kidole, akaniuliza, "Baba watoto, hiki kinafanya nini?"

"Hakifanyi kitu," nikamjibu. "Kipo tu."

"Basi mmekutana ndugu wawili, salimianeni," akasema, akaenda kutafuta soda.

Kinachonikera si hicho. Kinachonikera ni safari ya chuma chenyewe. Vijana wanaokusanya skrepa wanapita Mbagala, Tandika na Yombo kila asubuhi na mikokoteni yao. Wanachukua sufuria iliyotoboka, fremu ya baiskeli, springi ya daladala lililokufia kazini, na usipoangalia, na beseni lenye nguo zako mbichi. Chuma hicho ni jasho letu. Sasa nikimwona twiga wa springi kwenye bustani ya mtu wa Masaki, nyuma ya ukuta, nyuma ya geti, nyuma ya mlinzi na mbwa wake, roho inaniuma. Ushahidi sina, lakini ile springi ya shingoni nina hakika imewahi kunitikisa mgongo kati ya Zakhem na Rangi Tatu. Taka inatoka kwetu, uzuri unakaa kwao, na mimi nikitaka kuuona lazima nibonyeze kengele nijieleze.

Ndiyo maana fundi wetu aliponifurahisha, nilifurahi kweli.

Fundi wetu ni wa mageti. Kibanda chake kiko kwenye barabara ya mtaa inayoingia ndani kutoka Barabara ya Kilwa. Huwa anachomelea kwa miwani ya jua ya kuuziwa mkononi, kichwa amekigeuza pembeni kana kwamba moto ule una harufu, na nikimwambia atafute ngao ya uso ananijibu, "Mzee, jicho lishazoea." Mtaani kwetu hakuna geti ambalo hakulitengeneza yeye. Juu anaweka mikuki, katikati anaweka ua, na mteja akiongeza hela anamwekea simba wawili wanaotazamana, wanaofanana sana na mbuzi. Mwaka jana mteja mmoja aliagiza geti kubwa, akatoa nusu ya malipo, akaingia mitini. Geti likakaa pale linaota kutu. Fundi akamsubiri mteja, akamsubiri, hatimaye akalikata geti vipande kwa greinda, na kila umeme ukiwepo bila kazi ya mtu, akawa anajenga kitu chake.

Kilipomalizika tukaona ni kunguru.

Kunguru mwenye kimo cha mlango. Mdomo wake ni jani la springi ya Kenta, limepigwa nyundo mpaka ncha imekaa. Macho ni beringi za guta, zinazunguka ukizigusa, kwa hiyo kila mtoto anayepita lazima azizungushe. Mbawa kazikata kwenye pipa la mafuta, unyoya mmoja mmoja, na kila unyoya kaupinda kidogo pembeni ili usikae bapa. Miguu ni nondo nene. Lakini pa kusimama utazame ni shingoni. Wale kunguru wetu wa Dar shingo zao ni za kijivu, nyote mnawajua. Fundi kachukua cheni za bodaboda zilizochakaa, kazilaza mstari kwa mstari kutoka kisogoni mpaka kifuani, halafu hakuzipaka rangi. Mwili mzima ni mweusi wa rangi ya mafuta, shingo kaiacha na ukijivu wake wa cheni. Nilisimama pale na mkate wangu wenye kiuno, nikasahau kwamba chai inapoa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, kwa nini kunguru? Ndege wote walioumbwa?"

"Mzee, ukitengeneza tausi watu wanauliza bei. Kunguru nani ataninunulia? Atakaa hapa hapa."

"Na mtu? Ungetengeneza hata mtu mashuhuri."

Akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Mtu siwezi, mzee. Watasema hafanani."

Hapo alisema kweli. Februari 2024 lilipozinduliwa sanamu la Mwalimu Nyerere makao makuu ya Umoja wa Afrika, Addis Ababa, kijiwe chetu chote cha kahawa kiligeuka tume ya uchunguzi. Mmoja anakagua paji la uso, mwingine masikio, mwingine anasema ndevu sizo, na watoa ushahidi wengi walizaliwa Mwalimu akiwa ameshang'atuka. Kunguru hana matatizo hayo. Hakuna ndugu wa kunguru atakayekuja kulalamika.

Walalamikaji wengine walikuwepo. Siku ya kwanza bibi mmoja jirani alipita, akatema mate pembeni, akasema ndege wa namna hiyo haji bure, ana aliyemtuma. Nikamweleza kwamba waliomtuma wanajulikana: kunguru hawa waliletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili wale takataka, wakazimaliza wakaamua kuvuka maji. Bibi akanitazama. "Kwa hiyo wameletwa," akasema, "si ndicho nilichosema?" Nikanyamaza. Vijana wa bodaboda wao waliuliza kama ni cha chama gani, maana mtaani kwetu kitu chochote kikisimama wima lazima kiwe na mgombea. Mwalimu wa madrasa akaja na hoja yake kuhusu masanamu, akaongea kwa upole na fundi, wakakubaliana kwamba hakuna atakayemwabudu kunguru, hasa aliyewahi kuanika samaki. Kunguru wa kweli nao wakafika. Walikaa juu ya bati wakamjadili kutwa nzima kwa kelele ambazo sijawahi kuzisikia, na kesho yake mmoja akamtua kichwani, akaacha maoni yake.

Baada ya hapo mambo yakanyooka. Makonda waligundua kabla ya serikali. Kabla mwezi haujaisha wakawa wanaita, "Wa Kunguru wapo? Kunguru shusha!" Na sisi tuliokuwa tunaelekeza wageni kwa sentensi ndefu, ukishuka uliza kwa mama ntilie, ukikuta amehama mfuate, tukapata neno moja. Shemeji yangu wa Tabata, ambaye kwa miaka mingi alitumia upotevu kama kisingizio cha kutokuja na chochote, sasa anafika moja kwa moja, na bado haji na chochote.

Sasa kitu kikishapendwa Mbagala, kinachofuata ni kuibwa. Usiku mmoja unyoya wa bawa la kushoto ukakatwa. Fundi akanunua mnyororo akamfunga kunguru mguu kwenye nguzo ya kibanda. Vijana wa kijiweni wakapita asubuhi wanacheka, "Si mlisema kunguru hafugiki?" Usiku uliofuata wakachukua mnyororo.

Msiniambie hii ni tabia yetu ya Kiswahili. Desemba 2005 huko Uingereza waliingia wezi na gari la winchi kwenye uwanja wa taasisi ya mchongaji Henry Moore, wakaondoka na sanamu lake la bronzi la tani mbili. Thamani yake ilikadiriwa kufikia pauni milioni tatu. Polisi waliamini liliyeyushwa likauzwa kama chuma chakavu, kwa pesa isiyozidi pauni elfu moja na mia tano. Mikokoteni ya skrepa iko kila nchi, wenzetu wanaifunga winchi tu.

Kwa hiyo ukaitishwa mkutano wa mtaa. Mwenyekiti akafungua kwa kusema kwamba kunguru ni mali ya jamii, sentensi ambayo huku kwetu hutangulia michango. Wajumbe wakajadili ulinzi. Mmoja akasema ajiri mlinzi, akaulizwa nani analipa, akaketi. Mwingine akasema ahamishiwe ofisi ya serikali ya mtaa, awekwe ndani, afungiwe, na mtu akitaka kumwona aandike barua. Mimi nikasimama nikatoa mfano wa Mombasa, wale wenye Mapembe ya Ndovu pale Moi Avenue. Yaliwekwa miaka ya 1950 kwa mapokezi ya kifalme ya Waingereza, ni ya alumini, yamevuka barabara nzima, magari yanapita chini yake usiku na mchana na hakuna aliyeyafungia ofisini. Nikawatajia na Kioko Mwitiki wa Nairobi, ambaye ndovu wake wa vyuma chakavu wamefika mpaka Marekani. Mjumbe mmoja akauliza kama huyo Kioko ana uhusiano na mteja aliyekimbia geti. Nikaketi.

Mkutano ukapitisha azimio. Wakamwita fundi, wakampa kazi, tena ya kulipwa kwa michango. Na kazi yenyewe, ndugu msomaji, ilikuwa kumtengenezea kunguru grili.

Grili. Ya skwea paipu, pande nne na juu, mikuki kwenye kingo, kufuli moja kubwa. Fundi akaitengeneza kwa macho ya mtu anayechimba kaburi la mwanawe, maana alihitaji hela. Sasa kunguru yumo ndani. Beringi za macho watoto hawazifikii. Ile shingo ya cheni, ambayo ndiyo kazi yenyewe, inakatwa na bomba mbili zinazopita katikati yake. Ukisimama mbele unahisi umekwenda kumtembelea mahabusu na hukubeba chakula. Na funguo, naomba mkisie, yuko nazo mtu mmoja ambaye kila ukimhitaji amelala.

Yaani chuma cha kwanza huku kwetu kisichomzuia mtu kilipatikana, na sisi kwa kauli moja, kwa kunyoosha mikono, tukakizungushia chuma cha kuzuia watu.

Haikuishia hapo. Wiki hiyo hiyo walipita watu wenye kopo la rangi nyekundu, wakapiga alama ya X kwenye grili, kwamba iko kwenye hifadhi ya barabara. Kunguru alipokuwa huru hakuna aliyempiga X. Walipiga kilichojengwa.

Mwenyekiti ameniambia kimya kimya kwamba labda njia rahisi ni kuondoa vyote, kunguru na grili, tuitishe kikao kingine wananchi waamue. Vikao vya namna hiyo navijua. Mwaka 1981 mchongaji wa Kimarekani Richard Serra aliweka ukuta wa chuma uliopinda, wenye urefu wa mita 36 na zaidi, katikati ya uwanja wa majengo ya serikali jijini New York. Wafanyakazi wa ofisi wakanung'unika kwamba unawazungusha wakati wa kwenda kula. Mimi nawaelewa, njaa haina sanaa. Likaitishwa baraza mwaka 1985. Waliosimama kusema ubaki walikuwa 122, waliosema uondoke walikuwa 58. Ukaamriwa uondoke, na mwaka 1989 ukakatwa usiku ukapakiwa. Kwa hiyo mwenyekiti asinidanganye na wananchi waamue.

Kuna hoja moja tu ya wapinzani ninayoiheshimu, nayo ni ya kutu. Bahari haiko mbali, hewa ya Dar ina chumvi, na chumvi haichelewi. Geti jipya la huku bila praima nzuri halifikishi masika ya pili kabla halijaanza kulia machozi mekundu ukutani. Wenzetu wana chuma maalumu ambacho kutu yake yenyewe inakuwa koti la kukikinga. Malaika mkubwa wa Antony Gormley kule Gateshead, Uingereza, aliyesimamishwa mwaka 1998, kimo mita 20 na mbawa mita 54 kutoka ncha hadi ncha, ni wa chuma cha aina hiyo, na watu wa pale walimlalamikia kabla hajafika halafu wakampenda. Lakini chuma hicho hakielewani na hewa ya chumvi, kwa hiyo hapa kwetu dawa ni ile ya kizamani: kusugua, praima, rangi ya mafuta, na kurudia kabla ya masika. Kazi ya siku mbili kwa mwaka. Geti la mwenyekiti linapakwa rangi kila inapokaribia Iddi, nimeliona kwa macho yangu, na halijawahi kumfurahisha mtu yeyote aliyesimama nje yake.

Na wizi una dawa pia, nimemuuliza fundi mwenyewe. Chimba futi tatu, nyuma kidogo ya pale alipo sasa, ndani ya mpaka wa kiwanja cha kibanda, watu wa rangi nyekundu wakose la kusema. Teremsha miguu ya nondo humo, ichomelee vipande vya nondo vya kukingama, mwaga zege. Kila nati ichomelewe isifunguke. Ncha za manyoya zisuguliwe kwa greinda zisimkate mtoto. Mabawa yatobolewe matundu chini, maji yasituame yakatufugia mbu, maana wa kwetu tulionao wanatosha. Mtu akitaka kumwiba baada ya hapo itabidi aje na winchi, na gari la winchi likiingia mtaani kwetu usiku litakwama kwenye shimo lililo mbele ya nyumba yangu, ambalo nimeshaliandikia barua. Halafu kwenye zege lililo mbichi fundi aandike jina lake. Mageti yote yale katengeneza na hakuna hata moja lenye jina lake.

Wajumbe wenzangu, mfuko wa saruji natoa mimi. Kokoto na mchanga ni juu yenu. Grili tutaipeleka kwa vijana wa skrepa kwa mikono yetu, mchana, kwa kupimiwa kilo, na hela atapewa fundi atafute ngao ya uso. Kikao ni Jumapili saa kumi jioni, ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenye koleo aje nalo, na mwenye funguo aamshwe mapema.